Pombe Niliyoimwaga Karibu na Kaburi Lako

Mama Eliza,

Ulikufa. Presha ilipanda, ukaanguka jikoni, tukakupakia kwenye pikipiki, na kabla hatujafika hospitali ulikuwa umeshakufa. Watu wanasema umelala, umeitwa, umetutangulia. Mimi nasema ulikufa, maana ndicho nilichokiona.

Naandika polepole. Unajua mwandiko wangu. Masomo ya ngumbaru yalinifundisha kusoma, ila mkono haukuipenda kalamu, umezoea koleo. Leo Jumapili. Nina hasira na hamna wa kumwambia. Nikimpigia Eliza kule Kibakwe ataanza kulia, halafu na mume wake ataanza kuuliza. Basi nakuambia wewe.

Uwele wako umeota. Ule uliopanda kavu, ukisema mvua ije ikukute umeshamaliza. Mvua ilikuja wiki ileile tuliyokuzika. Uwele wote ukatoka, mistari imenyooka kama ulivyoipanga. Mimi nilisimama pale nikaona hii ndiyo kazi yako ya mwisho, na kama ikifa mikononi mwangu basi mimi si mtu.

Na majani yakaota. Unajua mimi niko mjini kwenye zege, Jumatatu mpaka Jumamosi mchana. Jumamosi nikifika nashika jembe mpaka giza. Jumapili nikitoka kanisani hivyohivyo. Wiki inayofuata nikirudi, pale nilipopalilia pameota tena. Ni kama kuteka maji na kapu.

Wewe ulikuwa unapika togwa, unasonga ugali, mlenda, unaita watu, shamba linaisha siku moja. Nilifikiri wanafuata togwa. Kumbe walikuwa wanakulipa. Ulikuwa umewapalilia wote. Mimi nimempalilia nani? Nimewajengea watu wa mjini maghorofa, hao hawaji kupalilia uwele.

Nikaenda kwa wenzetu wa kikundi cha maombi. Nikawaambia, jamani, nakwama. Baba Stefano, yule mzee wa kanisa wa baiskeli, akasimama akasema, "Ndugu yetu, shamba lako tutalibeba kwenye maombi." Nikasema asante. Wakalibeba. Majani hayakusikia.

Ndipo akaja dada Roda. Unamjua dada yangu, toka azaliwe hajapiga hodi. Akaangalia shamba, akaniangalia mimi. "Mika, mwaka huu utavuna majani?" Akasema nimpe uwele wa stoo anipikie ujimbi, Jumamosi watu watajaa. Nikamwambia, dada, mimi na pombe tuliachana, nimeokoka. Akacheka. "Kwani nani kakwambia unywe? Watakunywa wao. Ukimchinjia mgeni kuku, lazima na wewe ule shingo?"

Nikakubali. Usinifokee. Nilijiambia siipiki mimi, siinywi mimi, inapita tu hapa kwangu kama mgeni anayekwenda kwa jirani. Wewe ulikuwa unasema Shetani hapiti mlango wa mbele, anapita jikoni akijifanya ndugu. Nilikuwa nakuona una maneno mengi.

Nikaomba ruhusa kwa fundi. Jumamosi ile watu walikuja, Mama Eliza. Walijaa. Tulianza kabla jua halijachoma, wanaimba, majembe yanakwenda pamoja, majani yanalala. Jua lilipopanda nusu ya shamba ilikuwa nyeupe. Nilifurahi, sikufichi. Nikasema kimoyomoyo, Bwana asifiwe, kwa pombe ya watu wengine.

Roda akaleta ndoo na kata. Watu wakakaa chini. Roda akachota, akaonja, akapiga mdomo. Mzee Ndahani amekalia mpini wa jembe lake, akasema, "Wewe Roda shamba si lako. Mwenye shamba aonje."

Nilikuwa nimesahau. Unaweza kuamini? Mtu mzima kama mimi, nimezaliwa hapahapa, nimesahau kwamba mwenye kuita watu anaonja kwanza, atoe sumu, wengine wanywe kwa amani. Nilisahau kwa sababu miaka yote ya togwa ulikuwa unaonja wewe. Unachota, unakunywa mbele yao, unafuta mdomo na khanga, unampa mkubwa. Mimi nilikuwa naona mke wangu ana kiu.

Nikawaambia mimi nimeokoka, jamani. Wakacheka kidogo, kicheko kile cha kusubiri. Nikasema tena. Hawakucheka. Mmoja huko nyuma akasema, "Na mkewe alikuwa ameokoka. Yuko wapi?" Mwingine akamalizia, "Asiyeonja chake anajua alichoweka."

Kumbe yanasemwa. Kwamba ulianguka ghafla jikoni, na mimi siku ile nilikuwepo nyumbani.

Nikachukua kata. Nikainua. Harufu ile, Mama Eliza. Mimi nilifikiri nimeisahau, kumbe yenyewe haikunisahau. Iliingia puani ikashuka mpaka magotini. Povu likanigusa mdomo wa juu. Nakwambia, sikusikia sauti ya malaika wala mstari wowote haukunijia. Nilichokumbuka ni mlango wetu.

Unakumbuka? Kila Jumamosi nikitoka mjini, umesimama mlangoni, mkono umeziba njia. "Hebu pumua." Napumua. Unanusa kama mtu anayenusa maziwa kama yamechacha. "Haya, ingia, mume wangu." Siku moja nilikula kitunguu kibichi kusudi. Ulinifukuza nikakae na mbuzi, ukawa unacheka humo ndani nakusikia.

Nikashusha kata. Nikafuta mdomo. Nikasema sinywi, kama ni sumu nimwagieni kichwani.

Wakasimama. Hakuna aliyenipigia kelele, bora wangepiga. Kila mtu alichukua jembe lake akaondoka, nusu ya shamba bado. Mzee Ndahani ndiye alikuwa wa mwisho. Akaniambia, "Mika, hakuna aliyekukataza kuokoka. Ila umetuita kama watu, halafu unataka tuonje kwanza kama mbwa." Roda akalia, akanitukana, akatukana na kanisa, akajifunga khanga akaenda zake. Ndoo akaniachia.

Mchungaji anahubiri vita vya kiroho. Kuna chapeo, kuna ngao, kuna upanga. Anahubiri vizuri, mikono inakwenda juu. Hakuna hata siku moja aliyosema vita ni mtu kubaki peke yake nyumbani na ndoo za ujimbi, zinachemka zenyewe hakuna moto, na mlangoni hamna wa kukunusa.

Nikazitoa. Nikataka kumwaga mlangoni, nikaona harufu itakaa hapo. Zizini mbuzi watakunywa. Nikazibeba mpaka mwisho wa kiwanja, mbali na nyumba. Mwisho wa kiwanja ndiko uliko wewe. Sikuwaza hata kidogo, nilikuwa nataka zifike mbali basi. Nikamwaga zote, pembeni ya kaburi lako, ardhi ikanywa. Na nilikuwa na furaha, Mama Eliza. Nilikuwa nimeshinda. Nikasema kwa sauti kubwa, "Mama Eliza, umeona?"

Baba Stefano alikuwa anapita na baiskeli.

Jumapili iliyofuata wakaniita kile chumba cha nyuma cha kanisa. Wazee wamekaa, mchungaji amekaa, mimi nimesimama kama mwizi wa kuku. Wakasema nimefanya tambiko. Nikawaeleza toka mwanzo, dada, palizi, kata, ndoo. Baba Stefano akauliza swali moja tu. "Ulimwaga pombe kaburini ukaongea na marehemu, au hukumwaga?" Nikasema nilimwaga. "Uliongea, au hukuongea?" Nikasema niliongea. Akatazama wenzake. Na mimi nilikuwa najisikiliza, nikaona kweli, ningekuwa mimi nimekaa pale na yeye amesimama hapa, ningesema huyu katambika.

Wameniweka nje ya Meza ya Bwana mpaka nitubu mbele ya watu. Nitubu nini? Kwamba sikunywa? Ningekunywa ile kata ningekuwa mlevi aliyeanguka. Ningetubu, wangeimba, wangenishika mikono, yameisha. Na shamba lingekuwa limeisha. Sasa sikunywa, majani yapo, walevi wananiita mchawi, waliookoka wananiita mpagani. Huu ni ushindi gani? Nimemuuliza Mungu. Nimemuuliza vibaya, kwa maneno ambayo wewe usingeyapenda. Hajajibu.

Mchungaji aliniita pembeni. Si mtu mbaya. Akasema, "Baba Eliza, sema tu umetubu, tufunge hili jambo." Sema tu. Kama vile neno halina uzito. Wewe ulikuwa unarudisha sindano ya jirani uliyoazima, usiku huohuo. Mimi niende mbele ya madhabahu niseme nilikutambikia, ili nipewe mkate? Sisemi.

Leo wenzangu wameshiriki. Mimi nimekaa benchi la mwisho na kina mama wenye watoto wachanga. Kitoto kimoja kilinishika kidole ibada nzima. Nikatoka kabla ya wimbo wa mwisho, nikapita njia ya kilabuni, si kusudi, ndiyo njia. Akatokea mmoja wa wale wa palizi, ana kopo mkononi. "Mzee wa tambiko! Karibu bwana. Meza yetu huku haifukuzi mtu."

Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Na mguu ukaenda.

Nakwambia ukweli, hapo ndipo niliposhikwa, si siku ile ya kata. Siku ile nilikuwa na watu wananitazama, mtu akitazamwa anajikaza. Leo nilikuwa na hasira tu. Nilijiambia nimeshaitwa yote, sasa ninalinda nini? Kwa ajili ya nani? Niliona na benchi walilonisogezea. Nilikuwa nimefika kwenye fito za uzio wao, mkono umeshika fito.

Sikuomba. Natamani nikuambie niliomba. Niliona tu kwamba nikikaa pale, jua likizama, nitarudi nyumbani na nitasimama mlangoni. Na sitaweza kupumua. Nikaachia fito. Nyuma wakapiga miluzi. "Amekumbuka mizimu yake!" Wacha wapige.

Nimefika nyumbani sijala, nikachukua jembe, nikaanza kupiga majani kama nayadai. Nikasikia jembe lingine. Mzee Ndahani, mstari wa pili, ameinama. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba bila kuinuka. Akasema, "Usidhani nimekuja kwako. Nampalilia Mama Eliza. Nilipovunjika mguu alinimalizia shamba lote, hata togwa hakuniomba."

Hukuniambia hilo. Mambo mangapi hukuniambia?

Tulipalilia. Jua likawa kali, nikamwona anajifuta shingo. Nikaenda ndani nikachota maji kwenye kile kikombe chako cha bati. Nikampelekea. Akanyoosha mkono, halafu akaurudisha. Akanitazama.

Nikaonja mimi kwanza. Nikanywa mafunda mawili, nikafuta mdomo na mkono, nikampa.

Akanywa yote. Akatikisa kikombe. "Maji yako yana chumvi."

Nikamwambia, "Ndiyo yaleyale ya kisima chako, mzee." Akasema, "Ya kwangu yana nafuu." Akaendelea kulima.

Hatukumaliza. Upande wa korongo majani bado yanafika magotini, na huko sijui kama tutapata kitu. Huku mbele uwele umepona. Amesema Jumamosi atakuja na mtoto wa kaka yake, nipike ugali wa kutosha, na yeye mlenda uliopikwa na mwanaume hali, kwa hiyo nimwombe Roda anisamehe. Nitaenda. Roda atanitukana kwanza, kisha atapika.

Hasira haijaisha. Usifikiri nakuandikia kwamba yameisha. Lile povu lililonigusa mdomoni sijui kama linahesabiwa. Mchungaji sijamwambia, maana nikimwambia na hilo watapata la kunitubisha. Labda huko uliko wameshakuambia wewe.

Ila nimeamua. Kutubu uongo, hapana. Kuhama kanisa, hapana, pale ndipo ulipoimbia. Nitakaa benchi la mwisho kila Jumapili mpaka wachoke wao. Kilabuni nitapita, maana ndiyo njia, na sitashika uzio.

Barua hii sileti kaburini. Baba Stefano bado ana baiskeli. Naiweka ndani ya Biblia yako, palepale ulipokunja ukurasa.

Na nakuahidi hili, sina lingine la kukuahidi. Kila Jumamosi nikirudi nitasimama mlangoni, nitapumua, ndipo niingie. Hata kama mkono wako haupo.

Pumzika, mke wangu. Kaa na amani, mimi bado sina.

Kesho narudi kazini.

Mika, Baba Eliza