Aber na Pigo la Nne

Jumatatu, 6 Machi 1995
Nimepiga makofi nyuma ya kichwa cha Aber tena, nione kama anasikia. Mara ishirini. La kwanza labda alipepesa macho. Baada ya hapo, hakuna kitu. Ana miezi mitano. Tangu tutoke hospitali baada ya ile homa, nafanya hivi kila asubuhi kabla ya kumwogesha. Muuguzi alisema zile sindano alizochomwa huokoa mtoto ila wakati mwingine hudhuru masikio. Kipimo ni Ijumaa. Naogopa.

Jumanne, 7 Machi
Mama mkwe amefika hapa kwetu Kisugu kutoka Gulu. Ameleta simsim, nusu kibuyu, spoki za baiskeli za kukipigia kama ngoma. Mume wangu bado yuko Jinja, zamu za polisi. Sikutaka mgeni.

Jumatano, 8 Machi
Mama amenitazama nikipiga makofi.
"Unamupigia kitu moja tu kama saa, mwanangu. Hata mimi nimechoka kusikia."
Nikamjibu kwamba masikio ya mtoto si ngoma ya kijijini. Nimejichukia kutwa.

Alhamisi, 9 Machi
Namnyonyesha chumbani, pazia limeshushwa. Mama sebuleni na kibuyu chake. Mapigo manne, manne, la nne zito. Mara akaliacha la nne kwa makusudi. Ndivyo wapigaji wa kwao wanavyochokozana.

Aber akaacha kunyonya. Macho wazi, chuchu mdomoni. Anangoja. Pigo likarudi, akaendelea.

Nikadhani bahati. Nikamwomba Mama aliache tena na tena, asiniambie lini. Mara sita kati ya nane Aber aliacha kunyonya. Mtoto asiyejua hata jina lake anajua kinachofuata.

Kisha wazo baya: labda anahisi mtikiso wa sakafu tu. Sikula.

Ijumaa, 10 Machi
Sikio la kulia limefifia sana. La kushoto zima. Daktari alisema kwa upole, akingoja nilie. Nilicheka. Asante Mungu. Asante kwa hili moja.

Nilipomwomba Mama radhi, alisema, "Leta mutoto, wewe lala."
Nililala kwa muda wa saa tatu.

Jumapili, 12 Machi
Mvua imeisha. Nimemlaza Aber ubavu wa kulia ili sikio zima liwe juu. Jirani anaosha sufuria uani, anaimba chini chini. Aber ametulia, vidole vimekunjuka. Sijampima chochote leo.