Ndoo Mbili za Mama Ritha

Mama Ritha, haki ya Mungu, yote yaliyomo humu ni kweli tupu. Safari hii sijatia chumvi hata punje.

Mwaka umetimia, Anastazia, tangu ututoke ukiwa umeketi mbele ya tangi la samaki wako, chakula chao bado kiganjani.

Hapa Manyoni wakubwa wanakukumbuka kwa cherehani. Mtoto asiye na wa kumshonea sare ulimshonea, ukadai eti ni kitambaa kilichobaki. Lakini watoto wa mtaa wanakukumbuka kwa wale samaki wa mapambo, wadogo, wenye mikia kama khanga mpya. Mwanao Michael alikuletea wachache kutoka Dodoma kwenye mfuko wa nailoni. Wakazaana, likajaa tangi, likajaa beseni, wengine wakahamia kwenye sufuria ya pilau. Mtoto akija na chupa yenye mdomo mpana alirudi na samaki wawili na onyo moja: "Usiwape ugali!"

Mimi nilikuwa msemaji wao. Mstaafu wa reli afanye kazi gani nyingine? Nilimweleza jirani yetu Mzee Mazengo kwamba yule dume mwenye mkia mwekundu husimama wima treni ya Kigoma ikipiga honi, maana anadhani ndugu zake wa Ziwa Tanganyika wamefika. Mazengo akavua kofia. Wewe hukuinua hata macho kwenye cherehani.

"Baba Ritha, ndoo."

Ndiyo iliyokuwa sheria ya nyumba. Uongo mmoja, ndoo moja ya maji ya bomba, niibebe mwenyewe hadi uani, ilale pale mpaka kesho yake ile dawa ya bomba inayoua samaki iishe, ndipo wapewe. "Samaki hawa," uliwaambia wageni, "wanaishi kwa uongo wa mzee."

Mara moja tu nilikugeuzia kibao. Ulisema jike wa samaki hawa huweza kuendelea kuzaa miezi baada ya dume kufa, kwa kuwa hutunza mbegu tumboni. Nilicheka mpaka nikakohoa.

"Leo umenipita, Mama Ritha. Ndoo!"

Uliibeba, na goti lako bovu, ukicheka. Mimi nimesimama mlangoni, mikono mfukoni. Kwa nini sikukupokea? Kutoka bombani hadi uani ni mwendo gani?

Usiwe na wasiwasi. Samaki wako wote ni wazima, wamenenepa, wanakusalimu.

Ritha alikuwa nyuma yangu akisoma ninavyoandika. "Baba! Hata mama unamdanganya? Kwenye kumbukumbu yake?" Nikasema ni namna ya kumfariji marehemu. Akanitazama kama ulivyokuwa ukinitazama wewe.

"Baba, ndoo."

Basi ukweli ni huu. Tangu uondoke hakuna aliyenidai ndoo. Watu wanamhurumia mfiwa; nikidanganya wanaitikia tu, "Ndiyo, mzee." Kwa hiyo uani hakukuwa na maji yaliyolazwa. Krismasi ilipokaribia tangi lilikuwa nusu, nikaingiza mpira wa bomba moja kwa moja. Asubuhi walikuwa wanaelea, na yule mwenye mkia mwekundu akiwemo. Nisamehe. Alibaki jike mmoja tu, wa kijivu, aliyekuwa peke yake kwenye sufuria ya pilau.

Juzi nilikwenda kumlisha. Nikaona majani ya majini mle sufuriani yanatikisika. Vifaranga, Mama Ritha! Wadogo kama vichwa vya pini. Nilitafuta dume ndani ya sufuria, nikatafuta hadi chini yake. Hakuna. Nikavuta kiti chako, nikakaa.

Nimebeba ndoo mbili leo. Moja ni ya uongo wa kwenye karatasi hii. Ya pili ni ile niliyokubebesha bure. Zimelala uani, na sitazigusa mpaka kesho.

Unakumbukwa na mimi mumeo Hezekia, wanao Ritha na Michael, mkweo Shukuru, mjukuu wako Pendo, dada yako Selina wa Mitundu, na Mzee Mazengo, ambaye mpaka leo treni ikipiga honi huja kuchungulia sufuria.

Hatutaacha kukukumbuka, Mama Ritha. Na hilo halina ndoo.