Shikamoo Iliyotuponza

Lushoto, Jumamosi usiku

Na yote haya ni adabu za mume wangu!

Tumetoka Tanga kuja kupumzika wawili tu, tukakubaliana mama mkwe kule Lukozi asijue. Kufika Lushoto bila kupanda kumsalimia ni kosa kubwa. Basi Shabani kashinda amejifunika kofia ya jaketi, majengo ya zamani ya Wajerumani tukayatazama kama wezi.

Mbele ya boma akapita mzee, jirani yao wa Lukozi. Wala hakututazama. Lakini Shabani kumpita mzee kimya hawezi.

"Shikamoo, mzee!"

"Marahaba... Aa, si Shabani wewe? Mama anajua mmekuja?"

Shabani akamtajia mpaka gesti tuliyofikia! Nilitamani kumfinya.

Jioni nzima nimeisubiri simu ya mama kwa hofu. Haikuja. Amekuja dereva wa bodaboda kutoka Lukozi, kabeba blanketi zito.

"Mama anasema kuna baridi, mpumzike vizuri. Kesho mchana mkale kwake."

Nikamuuliza, la mwenzangu liko wapi?

"Hata mimi nilimuuliza. Kacheka, kasema hilo moja linawatosha."