Mkwilima Wangu Ndani ya Kihenge cha Mahindi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, lakini kabla hujanisaidia nikuseme kwanza, maana wewe ndiye uliyeyaanza haya. Si wewe uliyeandika humu gazetini kuwa vijana waache kuwapelekea wakwe zao vitenge na sukari, wawanunulie vitu vya kisasa? Unafuga hata kuku wewe? Mtu mzima unakaa mezani unaandika neno bila kufikiri litamwangukia nani, na limeniangukia mimi, huku Ipililo, nyumbani kwangu, nikiwa nakula.

Sasa sikiliza. Mimi nina shamba la pamba, nina zizi, nimesoma mpaka darasa la nne na barua hii naiandika mwenyewe, na sijawahi kumwomba mtu ushauri. Binti yangu Kija ameolewa Bariadi na Onesmo, afisa kilimo aliyeletwa na serikali kutoka Muleba, kijana mzuri tu ila mila zetu hazijui, na huyo mkwilima wangu aliposoma gazeti lako akaniletea kishikwambi, ile kompyuta bapa ya Android kama walizokuja nazo watu wa sensa, na uongo sisemi, nilikipenda, kioo ni kikubwa, herufi unazivuta kwa vidole viwili zinanenepa, nikawa nasoma Zaburi bila miwani, naangalia kwaya, naambiwa mvua kabla haijanyesha, na chaji yake inadumu kuliko ahadi za mwenyekiti wetu wa kitongoji. Ubaya wake nao niliuona mapema, kwamba ukikitoa juani huoni kitu ila sura yako mwenyewe, sola yangu ndogo inakijaza kwa kujivuta kama ng'ombe mgonjwa, vidole vikiwa na mafuta hakikusikii, na ukikiweka sikioni watu wanadhani umejitwisha ungo. Hayo niliyavumilia. Ila hakuna aliyeniambia kwamba kinamtii yeyote anayekigusa.

Siku hiyo nilikiegemeza kwenye kinu, kwaya inaimba, mimi nimekaa chini nimenyoosha miguu, kitenge kimenishuka, mkononi nina paja la kuku, mara simu ya video ikaingia, na kabla sijafuta mkono, kuku wangu mwekundu, asiye na adabu, akaona inzi ametua palepale pa kupokelea, akadonoa. Onesmo akatokea. Uso mzima, mkubwa kama sinia la msibani. "Shikamoo mama!"

Mshauri, sisi Wasukuma mama mkwe na mkwilima hawatazamani usoni, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja anaingia vichakani mwenzake apite. Mimi ningeingia kichaka gani, nami nimo nyumbani kwangu? Na mdomo umejaa nyama! Pa kukizimia sikupajua, nikakilaza kifudifudi kikaendelea kusema, nikakifunika sufuria kikaendelea kusema, nikakibeba nikakitumbukiza kwenye kihenge cha mahindi nikafunga mfuniko. Jirani yangu Martha akaja kuazima chumvi, nikamweleza aibu iliyonipata, na kwa vile nilikuwa na hasira nikaongeza na yasiyohusika, kwamba Onesmo ana shingo kama korongo na ng'ombe wake wa mahari walikuwa wamekonda mpaka tukaona haya kuwapitisha mchana. Kihenge kikaitika, "Mama, nakusikia." Martha aliacha chumvi, akaacha na kandambili moja.

Haijapita muda, Kija akanipigia kwenye kile kisimu changu cha tochi. "Mama, kwa nini umemfungia mume wangu kwenye mahindi? Alikuwa anakwambia nimejifungua!"

Mtoto wa kike, mshauri. Kwa upasuaji. Kija hawezi kuinama, mama yake Onesmo ni mgonjwa huko kwao, na anayemwogesha mjukuu wangu ni huyohuyo Onesmo, mtu aliyesomea mbolea. Kija ananiita niende. Nami nimesema siendi mpaka Onesmo alete mbuzi wa kunifuta aibu, kwa maana nyumba yao ni vyumba viwili, nitajificha wapi? Yeye akajibu, "Mama, mbuzi nitaleta, lakini naomba kujua kosa langu. Si aliyepokea ni kuku?" Jibu hilo limenikera sana kwa sababu sijapata la kumrudishia.

Kwa hiyo sasa tunaogesha kwa kishikwambi. Mimi nakaa nimeutazama ukuta, Martha anatazama kioo na kunieleza, maana yeye si mkwe wa mtu yeyote huko, na mimi naufokea ukuta ili Onesmo asikie. "Amemshika wapi?" "Shingoni." "Shingoni hapana, shika na mgongo!" "Mbona unanifokea mimi, dada? Mkweo huyu hapa." "Nitamwangaliaje, bhebe! Maji ameyapima kwa kiwiko?" "Ameyapima kwa kijiko." Jana mtandao ukakwama katikati, Martha akasema, "Wameganda. Mtoto yuko hewani." Nililia huku nimeukumbatia ukuta mpaka mtandao uliporudi.

Nauliza hivi. Uso ulio ndani ya kioo ni uso, au si uso? Na huku kuogesha kwa kupitia Martha, je, hakutoshi mpaka mtoto apate nguvu, maana isipokuwa mtandao naona mambo yanakwenda? Nijibu kwa maneno ya kawaida.

Felisita, Ipililo, Maswa.

MAMA WILHELMINA ANAJIBU

Mayu Felisita, mwadila, nakuamkia kwa Kisukuma chetu. Karipio lako nimelipokea na nimelistahili. Niliwaambia vijana wanunue, nikasahau kuwaambia wafundishe. Anayempa mtu kishikwambi bila kumwonyesha pa kukata simu ni sawa na aliyempa pikipiki isiyo na breki, na Onesmo akisoma hapa ajue namsema yeye pia. Hayo yameisha. Sasa zamu yako.

Ndiyo, uso wa kwenye kioo ni uso. Mimi kwetu ni Nyalikungu, hapohapo Maswa, usidhani sijui mkwilima ni nani. Amekuona, umemwona, na paja la kuku limeonekana. Aibu yako ni ya kweli na pole. Nilicheka, nikajizuia, nikafika kwa Martha na kandambili nikacheka tena, nisamehe. Lakini binti yako ana mshono tumboni, wewe umekaa Ipililo unaogesha mtoto kwa mdomo! Unajisikia unavyosema? "Mambo yanakwenda." Yanakwenda wapi, na wewe jana ulikuwa umekumbatia ukuta?

Kishikwambi umekipima vizuri kuliko wanaokiuza. Kinanenepesha herufi, kinatabiri mvua, na lipo jambo jingine zuri hujaambiwa: kinaweza kupiga simu ya sauti tupu, bila sura ya mtu. Hata ya video ikiingia, gusa pale penye kijipicha cha kamera, wewe hutaonekana, kisha tupia kitambaa juu ya kioo na yeye hutamwona. Pa kukatia ni kile kiduara chekundu. Usiku na mchana kiweke juu ya kabati, kuku hapandi huko, na akipanda basi huyo siyo kuku. Ila mikono hakina. Hakiwezi kumtia mtoto kwapani, hakiwezi kukoroga uji, hakiwezi kusikia kwamba kilio hiki ni cha njaa na hiki ni cha tumbo. Mtandao ukikwama, picha ndiyo inayokwama. Mtoto mwenye sabuni hakwami, anaendelea kuteleza.

Tuje kwa mbuzi. Mkwilima wako kauliza swali zuri na umelikosea jibu kwa sababu jibu halikupendezi. Hakukuona kwa kusudi. Alipiga simu kukupa habari ya mjukuu, akafunikwa sufuria, akatumbukizwa kwenye mahindi, akasikiliza shingo yake na ng'ombe wake wakisimangwa mbele ya jirani, na baada ya hayo yote akapiga tena umwelekeze kuogesha. Wangapi wangepiga tena? Huyo shingo yake iache kama ilivyo. Mbuzi humdai. Wewe ndiye unayedaiwa kuku, awe mchuzi wa mzazi, na ni kuku yupi sina haja ya kukutajia.

Unauliza utajificha wapi kwenye vyumba viwili. Usijifiche. Wengi wamekaa hivyo. Wewe lala na Kija na mtoto chumbani, Onesmo ahamie sebuleni. Kula jikoni, yeye ale sebuleni. Akitaka kupita uani akohoe kwanza, nawe ugeuke. Mkihitaji kuambiana jambo na Kija amelala, semeni kupitia mtoto kama wafanyavyo watu wenye adabu: "Mwambie baba yako kuni zimekwisha." Mtoto ana siku chache, haelewi kitu, lakini baba yake ana masikio, hilo umelithibitisha mwenyewe.

Neno moja zito, na hapa sitanii. Kija amepasuliwa. Usije na maji yako ya moto kumkanda tumbo. Mshono uoshwe jinsi walivyomwelekeza hospitali, na ukiona unatoa maji, au umevimba, au mwili una joto, arudishwe hospitali siku hiyohiyo. Mengine yote ya uzazi unayajua kuliko mimi.

Kwa hiyo acha kuniandikia barua. Kishikwambi mwachie Martha, akishindwa kukitumia ajifunze, maana utataka mtu wa kumringia mjukuu. Kesho asubuhi panda pikipiki mpaka Maswa mjini, chukua gari la Bariadi, shuka, nenda moja kwa moja nyumbani kwa binti yako. Ukifika nawa mikono, mchukue mtoto kutoka kwa Onesmo, mgeuzie Onesmo mgongo, kisha mwambie huyo mtoto hivi: "Mwambie baba yako bibi amekosa, anaomba radhi." Kwa sauti, Felisita. Asikie.