Antivirusi mbili na sauti ya Mama Feza

Alhamisi. Mvua ilinyesha alfajiri, halafu jua likawaka kama vile halijui lolote. Naandika kwenye simu, nimesimama jikoni, maana kukaa kumenishinda kwa furaha.

Kompyuta ya redio yetu ni moja, watangazaji tuko wengi. Kila mtu ana akaunti yake na neno lake la siri, kwa sababu kazini hatuaminiani hata kwa vipindi. Siku hizi mashine ilikuwa inatambaa. Unabofya, unatoka kununua ndizi, unarudi, bado inafikiria.

Leo nimechoka nayo.

Asubuhi alikuja Mama Feza kutoka Nyunzu. Anamtafuta mdogo wake Georgette, aliyekimbilia huku Kalemie wakati wa vita, na tangu hapo hana habari zake. Kesho anarudi na treni, kama kweli itaondoka. Nilimrekodi. Mwishoni alimwita mdogo wake jinsi walivyoitana utotoni wakienda mtoni, sauti ndefu inayopanda halafu inakatika, mpaka mwili ukanisisimka. Ningeweza kusoma tangazo mwenyewe, lakini Feza na Georgette ni majina ya nusu ya mkoa. Ilibidi isikike sauti yake.

Nikaihamishia kwenye kompyuta. Kinasa sauti akakichukua Didier wa michezo, akafuta kila kitu kilichokuwemo ili arekodi mechi. Mchana nafungua faili la Mama Feza.

Halipo.

Nikatafuta kila mahali, wapi! Mama Feza hana simu, na sikumuuliza amefikia kwa nani. Nikabaki nakodolea macho kioo, ndipo nikaona pale pembeni ya saa alama za antivirusi mbili. Mbili, na mimi sijawahi kuweka hata moja!

"Hii moja ni ya kwangu," Didier akasema aliporudi. "Lakini niliiweka kwa akaunti yangu tu. Kwako haiwezi kufika."

Papa Anselme, mkurugenzi wetu, akasema hivyo hivyo juu ya ile ya pili.

Hapo nikaelewa, nikacheka peke yangu. Kila mmoja alidhani amefunga chumba chake, kumbe ameweka mlinzi wa nyumba nzima, na walinzi hao wanaonana wezi. Ndiyo maana mashine haitembei. Ya Didier ilikuwa imeikamata rekodi ikidhani ni kirusi, na kuifungia karantini, kama mahabusu. Ya Papa Anselme nayo, ilipoona ile karantini imejaa virusi, ikaizuia isifunguke.

Papa Anselme akapandwa na hasira. Akakaa kwenye kiti changu, akaandika neno lake la siri, akaanza kuiondoa ya Didier. Kidole kilikuwa tayari kubofya. Nikamshika mkono. Mkurugenzi, mtu wa umri wa baba yangu!

"Papa, mungoje kwanza. Mukiitoa sasa, itaenda na sauti ya ule mama."

Akageuka kunitazama, nikajua kazi sina tena.

"Haya, ikala weye," akasema, akanipisha kiti.

Nikaizima kwanza ya kwake. Nikafungua karantini ya Didier na rekodi ilikuwemo, nzima. Nikairudisha mahali pake, ndipo tukaiondoa antivirusi ya Didier, mwenyewe amenuna kama tumemkatalia goli. Ya Papa Anselme tukaiwasha tena, ikabaki peke yake, ikakagua faili na kusema ni safi. Mashine ikawa nyepesi hata Didier akasahau kununa.

Jioni nikaitangaza. Muziki uliofuata haujaisha, simu ya studio ikalia. Mwanamke alikuwa analia, mwanzoni sikumsikia vizuri.

"Murudishe ile sauti," akasema. "Ule njo dada yangu mukubwa. Tafazali, murudishe."

Nikairudisha. Nikamweleza habari ya treni ya kesho, nikamwambia afike stesheni mapema. Georgette akaniuliza swali moja tu, kama dada yake amekonda.

Nikamjibu hajakonda. Kusema ukweli sikumtazama vizuri, asubuhi macho yangu yalikuwa kwenye kinasa sauti. Kesho atajionea mwenyewe.