Sindano Hasaini

Duka la Ushonaji, mlango wa kijani,
Mkabala na lango la shule.
Jumatatu, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa dada yako mkorofi. Hujambo? Wifi hajambo? Presha yake imeshuka, au bado anaficha chumvi kabatini daktari asijue? Na mgongo wako je? Nilisikia umebeba tena mifuko ya saruji kwa umri huo, nikasema huyu mtu hatasikia mpaka apinde kama ndoana.

Sisi huku tu wazima. Goti langu la kulia linalalamika kila nikikanyaga cherehani, ila nimelizoea kama nilivyokuzoea wewe.

Umeniuliza mara mbili, kupitia kwa dada mkubwa, kwa nini nimejitoa kwenye kundi la ukoo na kwa nini simu yangu haipatikani. Simu iko polisi. Usishtuke, nimeipeleka mwenyewe, nitakueleza. Na nakuandikia kwa karatasi makusudi. Ukitaka kumwonyesha mtu karatasi hii itabidi uinuke, uvae viatu, utembee, na huko njiani akili inaweza kukurudia.

Nianze na jibu, ili usome yaliyobaki ukiwa umekaa. Umeagiza binti yako asaini ile fomu ya shule, yaishe, kisha aletwe huko kwenu akae ndani mpaka watu wasahau. Hapana, Kaka. Hasaini, haletwi, hafungiwi. Nasema hivyo nikijua fika kwamba wewe ndiye baba na mimi ni shangazi tu, niliyemlea tangu darasa la nne. Ukitaka kukasirika, kasirika ukimaliza kusoma.

Sasa nikupe habari nzima, maana wewe umezipata vipande vipande. Sindano wetu, ambaye jina hilo tulimpa siku alipoanza kunitungia uzi mimi nisiyeona tundu, alikuwa na urafiki na kijana wa darasani kwake, yule wanayemwita Kapteni kwa sababu ya timu ya mpira. Kijana akamwomba picha ya faragha. Akaomba tena. Akamnunia wiki nzima. Mtoto akatuma. Alikosea, sikatai, na nilimwambia hivyo usoni mpaka nikaishiwa pumzi. Kapteni akawarushia rafiki zake wawili ajisifu, wale wawili wakaitupa kwenye kundi la darasa. Ilipofika mapumziko ya saa nne, shule nzima ilikuwa inamcheka.

Mwalimu mkuu aliniita. Mezani kwake palikuwa na fomu moja tu. Nikatafuta ya Kapteni, hakuna. Nikatafuta ya wale wawili, hakuna. Nikaambiwa vijana wameonywa kwa mdomo, kwa kuwa mwezi huu kuna mashindano ya shule. Sindano ndiye akae nyumbani, asaini kwamba amesambaza picha chafu ya mtoto, faili liende polisi, na Alhamisi bodi ya shule ikae imfukuze. Nikauliza, mtoto gani huyo? Akanijibu bila kupepesa macho, "Yeye mwenyewe." Ebo! Nimeishi miaka hamsini na mbili sijawahi kusikia mtu akashtakiwa kwa kujiibia mfukoni.

Unakijua chumba changu cha vipimo, pale nyuma, chenye pazia la maua. Nimewashonea sare watoto wa shule ile miaka kumi na mmoja, na sheria ya duka ni moja tu. Pazia likifungwa, hakuna anayeligusa, hata mama mzazi anabisha hodi kwa mdomo. Mwaka juzi mteja mmoja, mtu mzima na kitambi chake, alilifungua "kwa bahati mbaya" wakati nampima msichana. Nilimtoa kwa rula ya mbao mpaka barabarani. Hakuna aliyeuliza kwa nini yule msichana alikuwa amevua sweta. Wewe mwenyewe nilipokusimulia ulicheka ukasema ningemwongeza ya pili. Leo pazia limefunguliwa na shule nzima, na unayetaka atolewe ni aliyekuwa ndani?

Wiki iliyopita wakili mmoja alileta joho lake nilipunguze pindo. Nilimsomea ile fomu nikiwa nimepiga magoti miguuni pake, pini zimejaa mdomoni, akaniambia nizitoe kwanza kabla sijazimeza. Akanieleza taratibu. Sheria ile iliandikwa kuwanasa watu wazima wanaowinda watoto. Walioiandika hawakumfikiria mtoto aliyejipiga picha mwenyewe kwa ujinga wa umri wake. Kwa hiyo askari akiamua, anaweza kumshika Sindano kwa kifungu kilekile kilichowekwa kumlinda. Akisaini, amejifunga, na jina lake litakaa kwenye mafaili hata siku atakapoomba kazi akiwa mama wa watu.

Kisha wakili akaniuliza swali lililonikata maini. Ukiwaacha watoto, nani mwingine aliirusha picha hiyo?

Wewe, Kaka. Na mimi.

Tusidanganyane. Ulipoletewa ile picha, hukunipigia mimi wala hukumpigia yeye. Uliiweka kwenye kundi la ukoo, watu thelathini na mmoja, ukaandika, "Huyu ni mtoto wetu au si yeye?" Najua ulichanganyikiwa. Najua ulitaka mtu mmoja tu akuambie si yeye. Lakini uliiweka. Mjomba akaiona. Babu, ambaye hata picha za harusi hufunguliwa na watu, akafunguliwa. Binamu fundi mageti akajibu kwa vikatuni vya kushangaa, mpumbavu yule. Na Sindano naye yumo kundini! Tulimwingiza sisi wenyewe siku alipofaulu mtihani, ili apongezwe na ukoo mzima.

Alikuwa ananitungia uzi simu ilipolia. Aliangalia, akailaza mezani kifudifudi, akasema, "Shangazi, darasani nilikuwa najikaza tu. Hata babu?" Kisha akashika tena sindano, akaendelea kunitungia uzi. Nililia, Kaka. Hata sasa nalia, na hasira niliyonayo inatosha kugawia watu watatu.

Na mimi sinawi mikono. Siku ile ya kwanza, kabla mwalimu mkuu hajaniita, mama mmoja mteja alinionyesha picha kwenye simu yake. Nikamwambia anitumie, nami nikamtumia mwalimu mkuu, eti ushahidi. Nilidhani ndivyo ushahidi unavyopelekwa. Ningeweza kumpelekea zile jumbe za kijana, jinsi alivyoomba na kununa na kuomba tena. Sikutuma hizo. Nilimtuma mtoto wangu, kwa kidole hikihiki kinachopima mabega ya watoto wa watu.

Ndiyo maana Ijumaa nilifunga duka nikaenda kituoni, kwenye dawati la watoto. Nikaiweka simu yangu mbele ya afande, mwanamke wa makamo, nikamwambia aandike kwamba na mimi nimesambaza. Akainua kalamu akaniangalia kama mtu aliyepotea njia.

"Mama, umekuja kujishtaki?"

"Nimekuja kupanga foleni," nikamwambia. "Mnataka kuanza na mtoto, na mimi nimemzidi umri."

Alicheka kwanza. Halafu alifunga mlango, akanivutia kiti, akaniuliza kama zile jumbe za kijana bado zipo kwenye simu ya Sindano. Zipo. Akasema amepokea mafaili mengi ya namna hii, na kila moja limeanza na jina la msichana, kama vile picha zinajirusha zenyewe. Hakuniahidi kitu, na mimi sikumbembeleza. Ila aliandika kila kitu, nani alimtumia nani, na jina lako limo. Nililitaja mimi. Ni heri ulisikie kwangu.

Usidhani nataka Kapteni aozee jela. Mama yake alikuja dukani, uso umemshuka, nikampa kiti, chai sikumpa. Yule naye ni mtoto wa miaka kumi na sita. Ninachotaka ni asimame mbele ya darasa lilelile aseme alichofanya, na hayo mashindano ayatazame akiwa nje ya uwanja. Sheria nayo ijue kutofautisha. Mtoto aliyejipiga picha huyo afundishwe. Mtoto aliyeirusha ili achekeshe wenzake awajibishwe kwa kiasi cha umri wake. Na mtu mzima anayewatisha watoto kwa picha zao, huyo hata wakimpa miaka mia sitamwonea huruma. Shule iwaambie watoto mambo haya mapema, kwa maneno yanayoeleweka, badala ya kuwasubiri na fomu mkononi. Na sisi wakubwa tuanze kufundishwa kabla yao, maana mimi na wewe hatuna utoto wa kusingizia.

Nimeshamwambia mwalimu mkuu kwamba Alhamisi naingia kwenye kikao cha bodi, aniite au asiniite. Akanikumbusha, kwa sauti ya chini, kwamba kazi ya sare naipata kwake. Thubutu! Nikamjibu sare zilizoko mezani nitazishona zote, watoto wa watu hawana kosa, na mwakani akitaka azishone mwenyewe. Sindano atakuwa kando yangu, na sare yake nitaipiga pasi kwa mikono yangu.

Sasa wewe. Nilitaka kuandika "nakuomba", nikaifuta. Ingia kwenye kundi, uifute hiyo picha, uwaambie na wote walio nayo waifute, kisha uandike kwamba ulikosea. Na usiandike "tunaomba radhi kwa usumbufu" kama watu wa umeme. Andika kama baba. Ukimaliza hapo, mwandikie mwanao barua ya karatasi. Kila asubuhi ananiuliza habari zako. Haulizi kama umekasirika. Anauliza kama umeifuta.

Nisalimie wifi, na umsomee barua hii yote bila kuruka mahali. Msalimie dada mkubwa, mwambie ahsante kwa kubeba maneno yetu bila kuyaongezea chumvi. Binamu fundi mageti asalimiwe akishafuta vikatuni vyake. Na babu, tafadhali, mshike mkono umwambie Sindano hamwonei haya, ila anaogopa babu ndiye atakayemwonea haya. Mungu akulindie mgongo na kidole chako, akupe moyo mwepesi na usingizi wa kutosha.

Mimi ninayekupenda, hata leo,
Dada yako Fundi.

Nimesahau jambo, au tuseme nimelibakiza makusudi. Ndani ya bahasha kuna nakala ya ile fomu ya shule, "Nakiri kwamba nimesambaza picha ya mtoto." Jina la Sindano lililochapwa nimelikata kwa wino, nikasaini mimi. Wakili akisikia atanigombeza, na agombeze. Chini ya saini yangu nimepiga mstari mwingine. Dereva wa basi aliyekuletea barua hii anageuza kurudi huku Jumatano asubuhi, na bodi inakaa Alhamisi saa tatu. Huo mstari nimeupima kwa futi yangu. Jina lako lote linaenea.