Siku Saba kwa Saba

Rubondo, kambi ya Nakivale, Uganda
Jumatano, tarehe 17 Septemba

Kwa dada yangu mpendwa Jeannette,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji na watoto wote hapo Kibondo. Goti lako linaendeleaje? Na Ineza, mtihani wa darasa la saba umekwendaje? Mwambie mama yake mdogo anamwombea kila Jumapili, na kwamba hata akifeli asinifiche.

Ukitaka kujua hali yangu, desturi inanitaka niandike kwamba sisi huku ni wazima, wasiwasi ni juu yenu tu. Leo siandiki hivyo. Nina hasira, dada. Nimeamka nayo, nimekwenda nayo kisimani, nimerudi nayo, na nusu ya maji imemwagika njiani kwa jinsi nilivyokuwa nikitembea. Sikupigii simu kwa sababu kwenye simu utanikatiza, utasema pole mdogo wangu, Mungu yupo, na vocha itakwisha kabla sijafika penyewe. Barua huwezi kuikatiza. Claude, yule anayepeleka vitenge huko kupitia Mutukula, ndiye atakayekuletea. Usimwache aondoke bila majibu.

Unamjua Mukandoli kwa jina, maana namtaja kila mara. Ni jirani yangu, Mkongomani wa Minembwe, shamba lake na langu yametenganishwa na mstari mmoja wa mihogo. Ugonjwa ndio uliotufanya ndugu. Sote wawili tulikatwa titi kwenye kliniki moja ya saratani mjini Mbarara, mimi la kushoto, yeye la kulia, na sote tukapewa kidonge kilekile cha kuzuia homoni, kimoja kila siku kwa miaka mitano. Watu wakituona tunapita husema tukiunganishwa atapatikana mwanamke mmoja mzima. Anayecheka zaidi ni Mukandoli mwenyewe.

Mwezi wa pili alikuja binti mmoja kutoka Mbarara anayeitwa Gorret, na tableti mkononi. Alisema kuna utafiti, wanataka kupima jinsi wanawake wanaokunywa kidonge hiki wanavyoishi: wanavyomeza dawa, wanavyokula, wanavyolala, wanavyotembea. Nikamkaribisha, nikampa kiti chenye miguu minne. Akaanza kuniuliza kama huwa naenda jim. Akaniuliza samaki nala mara ngapi kwa wiki, mimi ambaye samaki nawaona sokoni wakiliwa na nzi. Akaniuliza nakunywa glasi ngapi za mvinyo. Nikamwambia mvinyo nauona mikononi mwa padri tu. Akafikiri kidogo, akasema, “Sasa mama, ile ya fadha wewe nakunywa glasi ngapi?” Nilimtazama mpaka akaandika sufuri mwenyewe.

Kisha akamvalisha kila mmoja wetu aliyehojiwa bangili nyeusi ya mpira inayohesabu hatua, tukae nayo wiki mbili, halafu atarudi kuzichukua. Sasa niambie, dada: umeazimwa kitu cha watu, kizuri, kinawaka taa, na lazima ukirudishe. Utalima nacho? Nilifanya kama walivyofanya wanawake wote wa Rubondo waliopewa. Niliivua, nikaifunga ndani ya kitenge safi, nikaivaa Jumapili kwenda misani na kurudi. Gorret alipokuja, mashine ikasema mama Marcienne hatembei. Nikashauriwa nitembee nusu saa kila siku kwa ajili ya afya ya moyo. Mimi! Siku hiyo nilikuwa nimeshachota maji mara tatu na kupalilia maharage mpaka mpakani kwa Mukandoli. Nikamwambia hiyo mashine yake ije ishike jembe kwanza, ndipo tuzungumze. Alicheka, lakini hakufuta kitu. Mpaka leo nimeandikwa mvivu.

Mwezi wa saba Mukandoli alianza kuumwa mgongo. Tulidhani ni jembe. Mwezi wa nane akashindwa kunyanyua hata dumu la lita kumi, nikaona huu si mgongo wa kulima, nikampeleka Mbarara mwenyewe. Walimpiga picha, tukakaa kwenye benchi, na saa tisa alasiri daktari akatuita. Ugonjwa umerudi, umeingia kwenye mifupa.

Daktari ni mtu mpole, sina ugomvi naye. Alifungua kompyuta, akatafuta jina la Mukandoli kwenye majibu ya ule utafiti, akasoma: dawa, siku saba kwa saba. Akatikisa kichwa. Akaniomba nimweleze mgonjwa kwamba, kwa kuwa alikunywa kidonge bila kukosa na ugonjwa umerudi hivyohivyo, basi kidonge kimeshindwa. Dawa za aina hiyo anaziacha. Ataanzishiwa zile kali za mshipani, zinazong'oa nywele na kumlaza mtu kitandani, na aje tarehe 18 kuanza. Mukandoli akanitazama mdomoni, kama anavyonitazama siku zote akisubiri nimletee maneno kwa Kiswahili chake. Nilimweleza habari ya mifupa, nikamweleza habari ya dawa kali. Ile ya siku saba niliimeza.

Tangu siku hiyo nimemkasirikia kila mtu. Nimemkasirikia Gorret kwa kuuliza mvinyo asiulize mtu anaachaje dawa. Nimeikasirikia bangili. Nimemkasirikia Mungu, nikaenda kuungama, nikatoka nimemkasirikia na padri. Nimemkasirikia mpaka Mukandoli, maskini, kwa kunitazama mdomoni. Lakini huko kote ni kuzungukazunguka, na wewe unanijua, nikizunguka sana ujue nina langu. Basi nalisema.

Siku ile ya mwezi wa pili, Kiswahili cha Gorret na cha Mukandoli havikuelewana, na Gorret akaniomba nikae katikati niwe mkalimani. Akauliza kwa siku saba zilizopita dawa amekunywa siku ngapi. Mukandoli alinijibu bila hata kushusha sauti, “Hata siku moya. Niliachaka tangu Noeli. Ile dawa inanichoma mwili muzima, silale.” Nami, dada, nikamgeukia Gorret nikamwambia: saba.

Sikufikiri hata kidogo. Ilinitoka kama mtu anavyofukuza nzi. Na unajua ilikotoka, kwa sababu wewe ndiwe uliyenifundisha.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, hapo hapo Kibondo, kambini, na mama alikuwa na wiki tatu kaburini. Wakaja wahesabu watu na madaftari yao, wakauliza kama mama yupo. Ukasema yupo, ameenda kuchota maji, ukanibana mkono mpaka ukaniumiza. Tulikula maharage ya mgao wa mama mwaka mzima. Ukaniambia mtu mwenye karatasi haambiwi kilichopo, anaambiwa kile kitakachobakiza jina lako kwenye orodha. Sikulaumu kwa maharage yale, bila hayo nisingekuwa hapa nakuandikia. Lakini nimetembea na neno lako miaka thelathini, huko Tanzania, nyumbani Burundi, na sasa hapa Nakivale, na kila mwenye karatasi kwangu amekuwa yule yule wa Kibondo. Niliogopa Mukandoli akisema sufuri watamfuta, waseme hana shukrani, kidonge chake apewe mwingine.

Jumatatu hii nilishindwa kuvumilia, nikampigia Gorret. Nilianza kwa kumgombeza, kisha nikamwambia yote. Aliniacha mpaka nikamaliza. Halafu akanieleza kwamba wote waliosema wamepunguza dawa au wameacha, majina yao yalipelekwa kwa daktari wiki ile ile. Waliitwa wanawake kumi na mmoja. Wengine walibadilishiwa kidonge, wengine walipewa kitu cha kutuliza lile joto, na hakuna hata mmoja aliyefutwa. Unasikia, Jeannette? Katika karatasi zote nilizojibu tangu utoto, hii moja ilikuwa inamtafuta mtu wa kusema sufuri ili imsaidie. Na alikuwepo! Alikuwa amekaa mbele yake, amesema, na mimi nikamziba mdomo.

Nilimuuliza Gorret kama Mukandoli angebadilishiwa dawa ugonjwa usingerudi. Alisema hilo hata daktari hawezi kulijua. Ila alisema jambo lingine, kwamba tuwahi Alhamisi, tumwambie daktari kabla hajaanza chochote, maana mpango wake wote umesimama juu ya ile saba. Kidonge hakijashindwa, alisema, hakijanywewa tu. Inawezekana bado ipo dawa ya aina hiyo ya kumsaidia bila kumlaza.

Jana nilimwambia Mukandoli. Nilimkuta ameketi kwenye mkeka kando ya mihogo anachambua maharage, kwa kuwa kuinama hawezi tena. Nilidhani atapiga kelele, na nilitamani apige. Aliendelea kuchambua mpaka sinia ikaisha. Kisha akasema, “Weye uliniibia kweli yangu. Na ile siku nilikuwa nayo hiyo moya tu.” Akajikongoja na sinia yake, akaingia ndani, akafunga mlango. Mimi nilibaki pale mkekani nikilia kwa hasira, na hasira yote safari hii ilikuwa yangu mwenyewe.

Leo asubuhi amenitumia ujumbe kwa Alida, binti yake. Kesho nimsindikize Mbarara, kwa sababu mkalimani mwingine hana. Lakini nitafsiri neno kwa neno, na nikiongeza au nikipunguza hata moja, atanipiga ndala mbele ya daktari. Nimemjibu kwamba nitamwachia na ya kwangu, awe nazo mbili. Sijui kama amecheka.

Sasa zamu yako. Tangu mwaka jana daktari aliniambia kwamba dada yangu wa tumbo moja lazima apimwe na yeye. Nimekuuliza mara mbili. Mara zote mbili umenijibu kwamba umeshapimwa na huna kitu. Hukutaja hospitali. Hukutaja siku. Hukulalamika hata foleni, wewe unayelalamikia foleni ya kanisani. Dada yangu, sauti ile naijua. Ni ile ile ya mama ameenda kuchota maji.

Mimi sina daftari, na kwangu hakuna orodha ya kukufuta. Kama hujapimwa niandikie hujapimwa. Kama umepapasa ukakuta kitu, niandikie ni kikubwa kiasi gani na kiko upande gani. Nitakugombeza, ndiyo, lakini nitavuka mpaka nije nikushike mkono mpaka mlangoni kwa daktari, na safari hii nitakubana mimi.

Nisalimie shemeji, nisalimie Ineza na wadogo zake, na wote wanaoniulizia hapo Kibondo. Wakikuuliza hali yangu, waambie kidonge nakunywa siku sita kwa saba, Jumapili huwa nasahau kwa ajili ya kwaya. Claude atalala hapo siku mbili. Zinakutosha kwenda hospitali na kuniandikia kweli.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Marcienne